Visahani vya Naqiya

Superintendenti Chengo aliifunga kesi kabla hajaimaliza chai yake. Huku akichovya mahamri, alimweleza Inspekta Nyevu Kingi kwamba Profesa Mung'aro, mkuu wa Taasisi ya utafiti wa maradhi, amempigia simu mwenyewe na kumfafanulia kila kitu. Ijumaa mchana umeme ulikatika kisiwa kizima. Kabati la joto ndani ya maabara likapoa, na seli za ngozi alizokuwa akizilea Daktari Razia Tayebali zikafa. Zote, alisema profesa. Hakikusalia hata kisahani kimoja. Na ikiwa huyo daktari ameshikilia kwamba kuna mtu aliyeziua, basi mtu huyo ni ndugu yake wa tumbo moja, Mustansir, aliyeonekana na bawabu Ijumaa hiyohiyo akitoka langoni amefura kama andazi. Umeme au ndugu: Nyevu achague kimoja, aandike, atie sahihi. Saa nane Jumatatu hiyo wakuu wa Taasisi wangeketi, profesa akiwa mwenyekiti, wamwachishe daktari kazi kwa uzembe na kuufunga utafiti wake wote. Chengo aliitaka faili mezani kabla ya hapo.

"Na profesa usimsumbue," aliongeza. "Ni mtu wetu yule. Kutoka Kaloleni wamefika wangapi pale alipofika?"

Wengine hasira huwapanda kichwani wakapayuka; ya Nyevu ilikuwa ikishuka mikononi, na mikono ikawa mitulivu kupita kiasi. Aliuchukua mkoba wake polepole, kama abebaye mayai, akaufunga mlango bila ya kutoa sauti. Waliomjua pale kituoni walimhofia zaidi alipofanya hivyo kuliko kama angeubamiza.

Taasisi ilikuwa jengo la zamani la ghorofa moja, pembezoni mwa Mji wa Kale, na maabara yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa mbao nzito. Daktari Razia alikuwa ndani peke yake. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mdogo wa umbo, amevaa koti jeupe juu ya rida, vazi lake la kujisitiri la kijani, na alikuwa akiifuta meza iliyokwisha kutakata. Hakulia. Alifuta tu.

Kwa maneno machache, na kwa sauti ya mtu aliyechoka kuhadithia, alimweleza Nyevu alivyoondoka mtaani kwao Kibokoni na sanduku moja kwenda kusoma Uingereza, alivyoumalizia ujana wake akichunguza jinsi mwanga unavyoukata uzi wa urithi ulio ndani ya kila seli, na jinsi alivyowaacha wenziwe kwenye maabara zenye kila kitu akarudi Mombasa mwaka wa themanini na nane, kwa kuwa wenye maradhi aliyoyasomea walikuwa huku. Walikuwa jamaa zake. Kwao binamu huoa binamu, na kasoro ambayo kwingine ingepotea njiani, kwao ilikutana na mwenziwe nyumbani.

"Jua likikupiga ngozi, uzi ule hukatika," alisema. "Kwako na kwangu mna fundi ndani ya seli. Hupita akashona kila palipokatika, na kesho unaamka hujui kwamba uliumia. Watoto hawa wamezaliwa bila ya fundi. Kila jua linalowaingia, haliwatoki."

Alimkalisha Nyevu mbele ya hadubini na kumwekea kisahani cha plastiki chenye maji mekundu. Nyevu alifumba jicho moja akatazama. Aliona vitu vyembamba, virefu, vimelala sambamba kama dagaa waliopangwa juu ya ungo.

"Hizo ni za ndugu yangu Mustansir. Zi hai." Razia alikiondoa akaweka kingine. "Na hizi?"

Humo hamkuwa na dagaa. Palikuwa na vijiduara vilivyojikunja, vingine vimebanduka na kuelea ovyo.

"Za Naqiya, bintiye," alisema Razia. "Hizo zimekufa."

"Na Naqiya mwenyewe yuko wapi?"

"Tulimzika mwaka jana, mwezi wa Rajabu. Alikuwa na miaka tisa." Aliirudia meza kwa kitambaa chake. "Inspekta, seli hizi zilikuwa zikila, zikizaana. Katika dunia nzima, kilichobaki cha Naqiya ambacho ki hai kilikuwa humu. Nao wanakwenda kuandika kwamba nimemuua kwa uzembe."

Nyevu aliuliza visahani hivyo viwili vilikuwa wapi Ijumaa. Katika kabati la joto, alijibiwa. Rafu moja? Rafu moja, vimegusana. Na vingine? Razia alimwonyesha vyote, kimoja baada ya kingine, na Nyevu akatazama kila kimoja kwa jicho lake, kwa sababu hakupenda kuandika asichokiona. Mama wa Naqiya, hai. Mtoto wa Lamu aliyekuwa na maradhi hayohayo, amekufa. Baba wa mtoto huyo, hai. Binamu mgonjwa, amekufa.

"Mkuu wangu ameambiwa zimekufa zote," alisema Nyevu.

"Ameambiwa na nani?"

"Na profesa. Alikuja akatazama?"

Razia alicheka kwa pua, kicheko kisicho na raha. Profesa Mung'aro, alisema, hajatia mguu katika maabara hiyo tangu siku ya kuifungua. Yeye huletewa matokeo ofisini, huyatia jina lake juu na jina la Razia chini, kisha huyapeleka Ulaya. Jumamosi, Razia, ambaye Ijumaa alitoka mapema, alipokuta wagonjwa tu ndio waliokufa, alimpigia simu nyumbani amweleze, naye akamjibu kwamba amechoka, akalale.

"Haya, tuseme umeme," alisema Nyevu. "Umeme ulikatika, kabati likapoa. Ukawachagua wagonjwa ukawaacha wazima?"

"Umeme hauchagui. Baridi haichagui. Na ndani ya chumba hiki, kwa joto la Mombasa, hilo kabati lingepoa kiasi gani?"

"Basi nini kinachochagua?"

Daktari alikiweka kitambaa chini. Nyevu alimwona akilifikia jibu ambalo bila shaka alikuwa amelifikia tangu Jumamosi, ila hakutaka liwe kweli.

"Mwanga," alisema.

Pembeni mwa chumba palikuwa na kabati jingine, la kioo, ambalo mtu huketi mbele yake akaingiza mikono na kufanya kazi bila ya vumbi. Dari yake ilikuwa na taa ndefu. Taa hiyo, Razia alieleza, ni ya kuulia vijidudu. Huwashwa watu wanapotoka, kioo kikiwa kimeteremshwa. Mwanga wake mkali hasa hauonekani. Kinachoonekana ni uzambarau tu. Ukivifunua visahani ukaviweka chini yake, mwanga ule unaukata uzi wa urithi kuliko jua la mwezi mzima. Yale maji mekundu huzuia sehemu yake. Mtu akiviacha kwa muda mfupi, basi seli zenye fundi zitaumia na kujishona. Zisizo na fundi hazitaiona kesho.

"Na akiviacha muda mrefu?"

"Zitakufa zote. Nadhani hilo ndilo alilolitaka."

"Taa hiyo, mtu akiwa mbele yake na kioo kiko juu, humfanyaje?"

"Humchoma. Macho, uso, kila palipo wazi. Nasi hatuikaribii ikiwa inawaka; mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua. Ubaya wake ni kwamba husikii kitu. Maumivu huja usiku."

Nyevu alisimama. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika gereji ya Mwembe Tayari, na mara kwa mara alirudi nyumbani mchana akiwa mzima wa afya, kisha usiku wa manane akaamka akipapasa ukuta, akisema ametiwa mchanga machoni. Mama alimkatia viazi vibichi akamfunika navyo kope. Nyevu aliijua ile hali kama anavyoijua harufu ya nyumbani kwao.

Aliuliza tu ni nani angefaidika wagonjwa wakifa. Razia alisita, kisha hasira aliyokuwa akiifuta juu ya meza tangu asubuhi ikatoka. Profesa amekwisha kuwatangazia wageni kwamba maradhi ya ukoo huu yana chanzo kimoja, na Oktoba anakwenda kuvishwa nishani kwa hilo. Alisema amelifanyia jaribio. Halikufanywa jaribio.

"Lingefanywa na nani? Mikono yake ni mimi," alisema. "Nilipolifanya mwenyewe, nikaunganisha seli za Naqiya na za yule mtoto wa Lamu. Zikaponyana, Inspekta. Kila mmoja alikuwa na kile alichokikosa mwenziwe. Maana yake vyanzo ni viwili, na kila alichokisema yule mtu ni uongo. Nilimpelekea habari Alhamisi. Bila ya seli hizi sina tena la kumthibitishia mtu."

"Akakwambiaje?"

"Aliniambia nijifunze adabu."

Sababu ya kutenda si ushahidi wa kutenda. Nyevu alifundishwa hivyo chuoni, naye alishika mafunzo yake. Kuna ndugu aliyeonekana akitoka na hasira, na ndugu huyo hakuwa na budi kuulizwa. Alimwuliza daktari Mustansir alifuata nini pale Ijumaa.

"Muulize mwenyewe," Razia alisema, akageuza uso. "Hiyo si siri yangu."

Nyumba ya Mustansir ilikuwa Kibokoni, chini duka la misumari na rangi, juu makazi. Madirisha ya juu yalikuwa yamezibwa kwa kitambaa cheusi kutoka ndani, moja baada ya jingine, na Nyevu alielewa kabla ya kuambiwa. Mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya mizani, kofia yake nyeupe yenye ukingo wa dhahabu imekaa sawasawa kichwani. Alipokiona kitambulisho cha polisi alianza kuuteremsha mlango wa duka.

"Umekuja kunifunga? Basi ngoja nifunge duka kwanza," alisema. "Si vyema mwizi aingie huku mwizi mwingine akipelekwa kituoni."

Hata hivyo alimpandisha juu, akamkalisha kwenye godoro, akamletea bilauri ya sharbati, kwani mgeni ni mgeni. Chumba kilikuwa na giza la adhuhuri iliyofungiwa. Nyevu alimwambia ameonekana akitoka Taasisi Ijumaa na hasira. Alikubali. Je, alikuwa na ugomvi na dada yake? Alikubali hilo nalo, na kuongeza kwamba ni ugomvi wa miaka. Razia alipoanza kuwachukua watu wa ukoo vipande vya ngozi, yeye ndiye aliyepiga kelele kuliko wote: nani ataposa kwao, habari zikishatapakaa? Na Alhamisi waligombana tena, kwa sababu Razia alitaka kipande cha ngozi ya mwanawe mdogo, naye akakataa.

"Basi ukaenda Ijumaa kuendeleza ugomvi."

"La."

"Ulikwenda kufanya nini?"

Aliivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena. Kisha akaeleza, bila ya kumtazama. Alipokwisha kumzika Naqiya, hakula, hakufungua duka. Ndipo Razia alipomshika mkono kama mtoto, akampeleka hadi kwenye ile hadubini, akamwambia atazame. Akaviona vitu vyembamba vimelala pamoja, kimoja kikijigawa. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, hupita pale.

"Humsalimia," alisema. "Halafu huenda kusali."

Nyevu aliinamisha kalamu. Hakuandika.

Ijumaa hii, Mustansir aliendelea, mlango wa maabara ulikuwa umefungwa kwa ndani. Mtu alikuwamo, maana alisikia vyombo vikigongana, na chini ya mlango ukatoka mwanga wa zambarau, kama ule wa taa zinazoua nzi kwenye maduka ya nyama. Akabisha, akaita jina la dada yake. Vyombo vikanyamaza. Alidhani ni Razia amemfungia mlango kwa ajili ya maneno ya Alhamisi, akaondoka amefura, kweli kabisa, bawabu hakusema uongo. Hajafika msikitini, taa za maduka zikazimika njia nzima. Tangu hapo hajasema na dada yake.

Sasa Nyevu aliiona Ijumaa ile yote. Mtu yumo ndani, visahani viko wazi chini ya taa, na umeme unakatika. Umeme uliosingiziwa mauaji ndio uliowaokoa wale wazima. Muuaji alivifunika gizani, akavirudisha kabatini, akaenda zake akiamini amewamaliza wote. Naye hakurudi kuhakikisha, kwa sababu hakuwa mtu wa kutazama. Alikuwa mtu wa kuletewa.

Lakini ilibaki hatua moja, na hata akimwonea huruma vipi baba huyu, Nyevu hakutaka kuiruka. Alimwomba Mustansir afungue dirisha.

"Dirisha hili halijafunguliwa mchana tangu Naqiya azaliwe," alisema Mustansir.

"Najua. Nisamehe. Nakuhitaji juani."

Mustansir alikishika kitambaa kwa mikono miwili, akakivuta, misumari ikaruka mmoja mmoja. Jua likaingia kwa kishindo. Lilimpiga usoni, naye hakukunja hata kope. Macho yake yalikuwa meupe, yamechoka, hayana dosari. Nyevu alimwomba akunje mikono ya kanzu. Ngozi ilikuwa nzima toka kiwiko hadi vidoleni.

"Inatosha," alisema. "Si wewe."

"Si mimi wa nini?" Mustansir alimgeukia, na hapo tu ndipo Nyevu alipotambua kwamba hakuna aliyemwambia. "Kumekuwa nini? Visahani vyake vi salama?"

Katika miaka yake ya upolisi Nyevu alipata kuwapelekea watu habari za vifo, na kulikuwa na maneno yake ya kazi hiyo. Hakupata la kufaa hata moja. Alimwambia waziwazi. Mustansir alisikiliza hadi mwisho, akakunja kile kitambaa cheusi vizuri, pembe kwa pembe, akakiweka kwenye godoro.

"Nilikuwa pale," alisema. "Nilikuwa nimesimama nje ya mlango."

Nyevu alishuka dukani akaomba simu. Alipompata Razia alimwuliza swali moja: kati ya wote wenye ufunguo wa maabara, ni nani anayeumwa macho?

"Profesa," ilisema sauti ya Razia. "Tangu Jumamosi yuko nyumbani. Ametuma salamu kwamba ana macho mekundu, lakini saa nane atajikokota."

"Asante. Ndugu yako yuko hapa. Hajui aanzie wapi." Akamkabidhi Mustansir mkono wa simu, akatoka nje asisikie.

Kizingo, mtaa wa wakubwa alikoishi profesa, miti hupandwa kwa ajili ya magari. Bawabu wa profesa alimweleza Nyevu kwamba kivuli cha ndani ni cha gari la mwenye nyumba na la wageni wake, kwa hiyo Land Rover ya polisi ikabaki ng'ambo ya barabara, juani. Mfanyakazi wa nyumba, msichana mwenye aproni aliyejitaja kuwa Mercy, alimfungulia na kumwongoza sebuleni. Mapazia yote yalikuwa yamefungwa. Profesa Mung'aro aliketi kwenye kochi, amevaa miwani myeusi na shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka shingoni, na feni ikizunguka juu yake.

"Kingi," alisema alipoambiwa jina. "Kingi wa Kaloleni?"

"Wa Kaloleni."

"Basi wewe ni mwanangu. Keti. Nadhani Chengo amekutuma na karatasi nitie sahihi."

Nyevu aliketi. Alimpa pole kwa macho. Profesa alishukuru, haya macho mekundu, alisema, yameenea mji mzima, na yeye yalimwanza Jumamosi alfajiri. Je, yanatoa tongo? Mno, asubuhi hata hayafunguki. Mercy alikuwa ameleta maji ya machungwa, na Nyevu akamwuliza kwa upole ni nani anayefua taulo na foronya za profesa.

"Ni mimi, afande."

"Na wewe, hayo macho hayajakupata?"

"La, hayajanipata." Mercy alimtazama bosi wake, kisha trei yake. "Na tongo sijaziona. Alikuwa akilia tu machozi usiku, akisema ni kama ana mchanga."

"Rudi jikoni," alisema profesa.

Nyevu alikunywa maji yake. Aliuliza ni lini profesa aliingia maabara ya Daktari Razia mara ya mwisho. Siku ya ufunguzi, alijibiwa, hana wakati wa kukaa na visahani. Alijuaje basi kwamba zilikufa zote? Kwa kuwa umeme ulikatika, binti yangu, na seli zote hufa umeme ukikatika, hata mtoto wa shule anajua.

"Nusu ziko hai," alisema Nyevu.

Feni ilizunguka.

"Nimezitazama mwenyewe asubuhi. Za wazima zote zi hai, zimelala kama dagaa. Ungefungua mlango na kuinama mara moja tu, ungeziona. Lakini wewe uliondoka ukijua ulichokusudia, ukadhani kukusudia ni kutenda."

"Unajua unazungumza na nani?"

"Najua." Alitoa karatasi ya maelezo mkobani, akaiweka kwenye ukingo wa mbali wa meza, na kalamu juu yake. "Soma, kama si kweli utie sahihi kwamba si kweli."

Ilikuwa mbali kidogo na kochi, kwa makusudi. Profesa alinyoosha mkono, na mkono wa shati ukarudi nyuma. Pale juu ya kiganja, ngozi ilikuwa imesawijika na kubambuka, kuuzunguka mkono kama bangili pana. Kiganja kilichofuata kilikuwa laini mbele na nyuma, hakina hata ukurutu.

"Umeungua," alisema Nyevu.

"Ni jua. Jana nilipeleka wageni ufuoni, Shanzu."

"Na macho yale yasiyofunguka?"

"Nilivaa miwani."

"Na glavu?"

Aliurudisha mkono haraka, lakini Nyevu alikuwa amekwisha kuushika, chini kidogo ya ile bangili, kwa vidole vitulivu. Jua la Shanzu, alimwambia, humpiga mtu migongo ya viganja kabla ya popote. Hili lilianza pale glavu ya maabara inapoishia na kukoma pale mkono wa koti unapoanzia. Yeye, Nyevu, amelelewa na fundi wa kuchomelea. Mchanga huo wa machoni anaujua, na daktari wa polisi ataujua vilevile. Kuna mtu aliyesimama nje ya mlango, aliyeuona mwanga na kusikia vyombo vikinyamaza. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza hawezi kuungua namna hii. Huungua hivi aliyekuwa mkubwa kwa miaka mingi hata akasahau kazi yenyewe inavyofanywa.

Profesa alitabasamu, na tabasamu lile ndilo ambalo Nyevu asingemsamehe.

"Ni seli," alisema. "Unajua seli ngapi zinakufa mwilini mwako kila siku? Hukosi usingizi."

"Zangu zimo mwilini mwangu."

"Utanishtaki kwa kitu gani? Kwa kuua visahani? Ukiniaibisha mimi, mwanangu, umewaaibisha Wagiriama wote."

"Wagiriama hawakuwamo katika kile chumba. Ulikuwa peke yako." Alisimama. "Kuharibu mali. Hilo ndilo neno linalojulikana mahakamani, mali. Ningekuwa na neno jingine, ningelitumia."

Simu ilikuwa juu ya meza ndogo kando ya kochi. Nyevu alizungusha namba za Taasisi, akamwambia aliyepokea kwamba mkutano wa saa nane hauna mwenyekiti, na kwamba asiguse mtu yeyote maabara ya Daktari Tayebali mpaka afike yeye. Kwa Chengo hakupiga. Faili ingefika mezani kama alivyoitaka, kabla ya saa nane, ikiwa nene kidogo kuliko alivyoitarajia.

Alimfunga pingu profesa juu ya ile bangili iliyokuwa ikibambuka. Profesa alisema inamuuma. Nyevu alizilegeza jino moja, kwa kuwa sheria inataka hivyo, na kumvua miwani akaitia kwenye mfuko wa vielelezo. Mercy aliwafungulia mlango. Walipotoka kwenye kivuli cha miti na kuingia barabarani, jua la saa saba lilimpiga profesa usoni. Alipinda, akatia kichwa chini ya mikono iliyofungwa, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni.

"Nionee huruma," alisema. "Gari liko mbali. Jua hili litaniua."

"Halikuui," alisema Nyevu. "Wewe unaye fundi. Kesho kutwa atakuwa amekwisha kukushona, na hutajua hata kwamba uliumia. Tembea."